Moja Moja kwenye Kawa la Shangazi

Choma, kupitia Nzega
11 Juni 1972

Kwa Shangazi Nunu,

Shikamoo shangazi. Na shikamoo mama, maana najua ni wewe unayemsomea barua hii, na ni wewe utakayeandika jibu. Mimi mzima. Mwambieni baba kwamba blanketi limefika salama, na kwamba sikulia ndani ya basi kama alivyotabiri. Nililia tuliposhuka.

Choma ni ng'ombe, pamba na upepo. Nimepewa chumba kwenye nyumba ya mwalimu mkuu, Mwalimu Lukumani, na mkewe Katarina ananipikia kama mwanawe. Asubuhi nafundisha hesabu darasa la tano. Jioni nina kisomo cha watu wazima. Siku ya kwanza walikuja kina mama thelathini na wawili. Nilifurahi mno, nikawaandikia ubaoni herufi zote, kuanzia a hadi z, nikawaambia wakizishika hizi tu dunia ni yao. Siku ya pili walikuja kumi na mmoja. Bado nalifikiria jambo hilo.

Karata ulizonipa nimezitoa. Jumapili hapa ni ndefu, na walimu walikuwa wamechoka kuangaliana. Nimewafundisha mchezo wetu: karata moja unaificha, nne zinafunguliwa moja baada ya moja mbele ya watu, na kila inapofunguliwa moja, anayejiamini anaweka na asiyejiamini anafunika zake. Hakuna mkwaju karibu, kwa hiyo badala ya kokwa tunaweka karanga. Nitakueleza siku nyingine yanayotokea mtu akiweka chakula kwenye mchezo.

Sasa nauliza nililotaka kuuliza tangu mstari wa kwanza. Mama aliandika pembeni mwa barua ya baba: "Soud ameleta posa, wifi kamjibu utani." Basi. Hakuandika utani gani. Nimeusoma mstari ule mpaka karatasi imechakaa. Bwana Soud fundi saa? Huyu huyu anayecheza nanyi kila Alhamisi? Ulimjibu nini, shangazi? Na je, ulikuwa utani kweli?

Mwanao,
Khole

*

Gongoni, Tabora
2 Julai 1972

Kwa binti yetu Khole,

Marahaba, na mama yako naye anasema marahaba yake. Sisi wazima. Baba yako ameanza kupanda minazi kule Itetemia. Watu wanamwambia minazi ya Tabora haizai kama ya pwani, anasema ndiyo maana ameanza na miwili. Bibi wa nyumba ya nyuma amepona jicho. Paka amezaa.

Umeuliza kwa haraka kama kawaida yako. Hata ulipozaliwa ulitoka kabla mkunga hajavua kanga ya kichwani.

Ni kweli Soud alimtuma mtu kwa baba yako. Mimi ni mjane wa miaka sita, yeye mgane wa miaka tisa, wala hakuna aibu. Nilijibu hivi: "Mwambieni Soud nitaolewa naye siku atakayonifunga karata." Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Soud alipoletewa jibu hakucheka. Alisema, "Sawa," akaendelea kusafisha saa ya watu.

Unajua mwenyewe kwamba hawezi kunifunga. Hajanifunga tangu marehemu mume wangu Majid, Mungu amrehemu, alipotufundisha mchezo huu aliojifunza kwa makarani Wagoa wa reli. Tunacheza jaza kawa, kama siku zote: kawa la kufunikia chakula linageuzwa katikati ya mkeka, kila mtu ana kokwa arobaini za ukwaju, na zamu yako ikifika unaweza kuweka hata kiasi cha zile zilizokwisha lala kwenye kawa. Nikimwona Soud ana sura ya matumaini, mimi najaza kawa. Anatazama karata zangu, anatazama zake, anavua kioo chake cha jicho, anakipangusa, anafunika. Kila Alhamisi. Mwoga tu. Mtu mwenye mkono usiotetemeka juu ya uzi wa saa mdogo kama unywele, anaogopa kokwa za ukwaju!

Kwa hiyo ni utani, na umekwisha.

(Mimi Saleha mama yako naongeza wakati wifi amekwenda kutazama chungu: Alhamisi iliyopita Soud alichelewa robo saa. Wifi alichanga karata mara tisa.)

Shangazi yako,
Nunu

*

Choma
30 Julai 1972

Kwa Shangazi Nunu,

Shikamoo shangazi, shikamoo mama. Hongera kwa paka. Hapa wameanza kupeleka pamba Nzega, na malori yanapita yamejaa hadi mti wa njiani unavikwa kilemba cheupe. Katarina anawasalimu. Amejifunza kusema "Bi Nunu wa Gongoni" na anakutaja kama anakujua.

Niliahidi kukueleza habari za karanga. Sasa nitakueleza kwa urefu, univumilie, maana nimelichunguza jambo hili wiki tano na ninadhani linakuhusu.

Tulianza na karanga za kukaanga hamsini kila mtu, watu wanne: Mwalimu Lukumani, Katarina, mimi, na Veneranda, mkunga wa kijiji, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Tulicheza jaza kawa kama nyumbani. Shida ni moja: Mwalimu Lukumani anakula karanga zake. Si uchoyo. Mkono wake unakwenda mdomoni wenyewe anapofikiri. Akipata karata ngumu anakula tatu. Veneranda akamwambia, "Mwalimu mkuu, wewe hupotezi, wewe unashiba." Jumapili ya tatu karanga zilikuwa chache hata hakuna wa kujaza kitu. Katarina akasema, "Basi. Kuanzia leo kila zamu mtu anaweka moja, si zaidi. Asiyetaka afunike."

Shangazi, karata ni zile zile, watu ni wale wale, lakini mchezo ukawa mwingine kabisa.

Mimi nilikuwa nashinda kwa njia yako. Nikiwa na karata mbaya lakini zilizofunguliwa zina sura nzuri, nilikuwa najaza, watu wanakimbia. Kwenye moja moja nikaweka karanga yangu moja kwa macho makali kama yako, na Veneranda akaniambia, "Mwalimu, kwa karanga moja nakufuata hadi Nzega." Akanifuata. Akaona karata yangu ya ndani. Wakacheka wote, na mimi nikajifunza kwamba macho makali hayana uzito wowote.

Nimepiga hesabu. Chukua watu wawili waliobaki. Kwenye jaza kawa mnaanza na kokwa nne katikati, moja ya kila mchezaji. Wewe unaweka nne, yeye akikufuata kawa lina kumi na mbili. Unaweka kumi na mbili, akikufuata zipo thelathini na sita. Mara ya tatu ukijaza, arobaini zake zote zimo hatarini, na bado kuna karata hajaiona. Kosa moja tu na Alhamisi yake imekwisha. Kwenye moja moja, mnafika karata ya mwisho kawa likiwa na kumi. Unaweka yako, zinakuwa kumi na moja. Yeye anaombwa kokwa moja tu ili aone ulichoficha. Hata akikosea mara kumi na moja na kupatia mara moja, hajapoteza kitu. Mtu wa kufunika hapo ni mpumbavu.

Kwa hiyo kwenye moja moja kutisha kunakufa. Lakini usidhani unabaki mchezo wa kubahatisha. Veneranda ndiye anayeshinda sasa, na siri yake ni kwamba anafunika mapema. Karata mbili za kwanza zikiwa hazipendezi, anazifunika na kuchukua ufumaji wake. Akikaa, amekaa. Nilimuuliza, akasema, "Mkunga hakimbilii kila tumbo linalouma. Lakini akishaweka maji motoni, haondoki."

Na sasa nalisema. Umemwita Bwana Soud mwoga. Si mwoga, shangazi. Anafanya hesabu sawasawa. Kwenye jaza kawa mtu makini lazima afunike mbele ya mtu kama wewe. Miaka sita umemwuliza swali moja, "Uko tayari kupoteza kila kitu sasa hivi?", na kila mara amejibu kama mtu mwenye akili. Hujawahi kumwuliza swali dogo.

Kisomo sasa naandika herufi mbili tu, na siongezi mpaka wote wamezishika. Wamerudi ishirini na wanne.

Mwanao,
Khole

*

Gongoni, Tabora
27 Agosti 1972

Kwa Khole,

Marahaba. Sisi wazima isipokuwa baba yako ana kikohozi. Mnazi mmoja umekufa.

Barua yako ilisomwa. Mama yako alitaka kuisoma mara ya pili kwa sauti mbele ya baba yako, nikamkataza, maana kuna moto jikoni na kila mtu ana kazi.

Nina swali kwa ajili ya baba yako, ambaye anapenda kujua mambo. Hiyo moja moja, anayeongea kwanza ni yupi, mwenye karata kubwa iliyofunguliwa au mwenye ndogo? Na mtu akiwa na jozi ya wazi, anaruhusiwa kuweka mbili, au ni moja tu? Baba yako anataka kujua.

(Saleha: Nasor hajauliza kitu. Nasor hajui hata kama kuna swali.)

Habari nyingine ndogo. Soud anahama. Mwanawe wa Ujiji amemjengea chumba na meza ya kazi karibu na soko. Atafunga Ramadhani hapa, ale Idi hapa, kisha achukue treni ya Kigoma, Alhamisi ya tarehe 23 Novemba. Tikiti atakata mapema, unamjua. Babu yake alikuja na msafara kutoka Ujiji, miezi kwa miguu, na mpagazi mmoja akafia njiani. Yeye anarudi kwa siku moja amekaa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Bi Nunu, babu hakuwa na haja ya kungoja mtu huku." Sikuelewa alimaanisha nini.

(Saleha: Alielewa.)

Ndiyo hivyo. Tutatafuta mtu wa nne wa kucheza naye.

Nunu

*

Choma
10 Septemba 1972

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mwambie baba kwamba anaanza mwenye karata kubwa, na kwamba jozi au si jozi ni moja tu.

Sitaandika mengi, naona aibu kabla hata hujajua sababu. Nimemwandikia Bwana Soud. Barua ya kurasa nne. Nimemweleza jaza kawa inavyomfunga mikono, nimemwambia aombe mcheze moja moja kabla ya tarehe 23 Novemba, na nimemwandikia karata za kukaa nazo na za kufunika. Niliipeleka Nzega kwa lori la pamba, na lori lilipopita kona ya bwawa nikatamani kulikimbilia.

Niliona siku zinahesabika na kila mtu nyumbani kwetu amefunika karata zake. Nisamehe, au usinisamehe, lakini niandikie.

Khole

*

Choma
15 Oktoba 1972
Ramadhani

Shangazi Nunu,

Shikamoo shangazi, shikamoo mama. Ramadhani njema kwenu. Hapa tunafunga mimi na familia ya mwenye duka, basi. Veneranda ni Mkatoliki, lakini kila jioni ananiletea uji wa ulezi na kusimama mlangoni mpaka nimalize, kama vile kufunga ni ugonjwa wa wiki nne na yeye amekabidhiwa.

Ni wiki tano hujanijibu. Nimekwenda kwa mwenye duka, ambako barua hufikia, mara nyingi hata akiniona kwa mbali anatikisa kichwa ili kuniokolea mwendo.

Nimefikiri sana. Najua sasa nilichofanya. Nilikueleza wewe kwa kurasa tatu kwamba usijaze kawa, kisha nikaenda nikalijaza mimi, tena kwenye mchezo usio wangu. Ndivyo nilivyo. Nikipenda jambo naweka zote arobaini. Kisha nashangaa nikigeuka nimebaki peke yangu mkekani.

Kina mama wa kisomo wamefika herufi m. Mmoja ameandika "mama" kwenye vumbi la mlango wangu. Nimelizungushia mawe kuku wasilikanyage.

Sikuombi uniambie lolote kuhusu Bwana Soud. Niambie tu kikohozi cha baba kinaendeleaje.

Mwanao,
Khole

*

Gongoni, Tabora
12 Novemba 1972

Kwa Khole binti Nasor,

Marahaba. Idi imepita salama. Baba yako hakohoi tena. Umetumiwa kashata na kipande cha kitambaa cha maua, zimefungwa pamoja, kwa hiyo kikinukia nazi usishangae.

Nilikasirika. Nataka ujue kwamba nilikasirika kwa haki. Nilimwambia mama yako aweke kalamu chini, na kalamu ilikaa chini mwezi mzima na zaidi.

Sasa sikiliza lililotokea. Alhamisi ya mwisho kabla ya kufunga, Soud alikuja kama kawaida. Hajavua viatu, ametoa bahasha yako na kuiweka katikati ya kawa, mbele yetu wote. Akasema, "Bi Nunu, binti yetu ameniandikia namna ya kukufunga. Nimesoma mistari miwili ya kwanza, nikakunja. Sikuona haki niendelee."

Baba yako akanyoosha mkono. "Lete, nitasoma mimi."

"Uisome wewe kwa nini?" nikamwambia. "Wewe unanifunga wapi?"

"Ndiyo maana naitaka, dada."

Nikaichukua. Nikamwuliza Soud, "Kwa nini hukuisoma? Ungeshinda."

Akasema, "Ningeshinda karata."

Akavua viatu, akakaa, tukacheza jaza kawa kama siku zote, na nikamfunga kama siku zote. Barua yako imo sandukuni. Sijaisoma, kwa kuwa si yangu.

(Saleha: Nimemsomea mara tatu. Ukurasa wa pili anaujua kwa moyo.)

Tikiti amekwisha kata. Chumba amekwisha rudisha kwa mwenyewe, funguo atatoa siku ya safari. Bado Alhamisi mbili. Mimi ni mtu mzima, Khole, siwezi kuamka asubuhi na kusema kanuni ya miaka sita imebadilika, kwa sababu kila mtu mkekani atajua nimesema nini. Hilo wewe na hesabu zako hamkulipigia hesabu.

Nimekusamehe. Kula kashata.

Nunu

*

Choma
18 Novemba 1972

Shangazi,

Shikamoo. Kashata zimefika. Nimelia na kula, kwa pamoja.

Mvua zimeanza vibaya. Mto Manonga umejaa na malori hayavuki, kwa hiyo barua hii nampa mtu anayejaribu kwa miguu. Huenda ikakufikia baada ya Alhamisi.

Ni kweli sikulipigia hesabu. Lakini kwa nini wasijue?

Khole

*

Gongoni, Tabora
17 Desemba 1972

Kwa binti yetu Khole,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako ya maneno machache ilifika imelowa, siku tatu baada ya kuhitajika. Kwa hiyo usijipe sifa. Nililofanya nililifanya kwa akili yangu.

Mama yako ana kalamu mbili leo, moja ya akiba, maana nimemwambia asiruke kitu.

Alhamisi ya tarehe 23 Soud alikuja baada ya Adhuhuri na sanduku lake la safari, ili atoke mkekani moja kwa moja hadi stesheni. Sanduku lilikuwa dogo sana. Nililitazama nikaona vibaya. Baba yako akachanga karata. Nikasema, "Leo tunacheza moja moja."

Baba yako akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu sasa. Karata ni za marehemu mume wangu, mkeka wangu, kawa langu."

"Na sababu?"

"Sababu ni kwamba nimesema."

Mama yako akajifunika uso kwa ukaya wa kichwani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Soud alivua kioo chake cha jicho, akakipangusa, na safari hii badala ya kufunika karata akakitia mfukoni. Akasema, "Moja moja. Vizuri."

Sasa, Khole, usidhani nilimwachia. Sijui kumwachia mtu. Nilicheza kama ninavyocheza. Mkono wa kwanza nilikuwa na ree ya wazi, nikaweka kokwa yangu, nikamkazia macho. Akaweka yake. Nikakaza tena. Akaweka. Hadi karata ya mwisho. Nikamwambia, "Soud, funika, unajiumiza."

"Kokwa moja haiumizi, Bi Nunu. Nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Hiyo ya ndani."

Miaka sita hakuna aliyeiona karata yangu ya ndani, isipokuwa nilipotaka mwenyewe. Nikaifungua. Tatu ya pau. Kitu cha bure kabisa. Baba yako akapiga kelele hadi jirani akachungulia: "Miaka sita tumekuwa tunakimbia tatu ya pau!" Soud alicheka. Sijui kama umewahi kumsikia akicheka. Ni kama saa kubwa inayokaribia kugonga, inakusanya pumzi kwanza.

Lakini sikia. Hata mkono ule nilikula mimi, ree yangu ilikuwa kubwa kuliko zake zote! Na wa pili nikala. Wa tatu akala yeye. Ndipo nikagundua jambo lingine ambalo hukuniandikia. Moja moja haiishi. Kwenye jaza kawa kabla ya Alasiri nimekwisha wamaliza wote, wanakwenda zao. Hapa kokwa zinakwenda kwake tatu, zinarudi kwangu nne, zinakwenda kwa Nasor, zinarudi. Tukaswali Alasiri, tukarudi. Chai ikaja, ikaisha. Hakuna aliyekuwa karibu na kumalizika. Nilitazama rundo lake na rundo langu, nikaona tunaweza kukaa pale mpaka mwakani.

Kisha treni ikapiga honi stesheni. Ya kwanza.

Baba yako akasema, "Soud, treni."

Soud akasema, "Nimeisikia. Zamu ya Bi Nunu."

"Soud, ni ile ya Kigoma!"

"Najua ya wapi, Nasor, nina tikiti yake. Bi Nunu, zamu yako."

Nikaweka kokwa yangu. Niliiweka bila kutazama karata zangu, na mama yako aliniona, na ninamwamuru aliandike hilo. Soud akaweka yake. Honi ikapiga ya pili, na treni ikaondoka, tukaisikia ikipita hadi ikapotea upande wa Usinge, na hakuna aliyeinua kichwa. Wakati adhana ya Magharibi inaanza tulihesabu. Mimi nilikuwa na hamsini na mbili. Yeye thelathini na tatu. Nikamwambia, "Hukunifunga."

Akasema, "Hapana. Lakini sikufunika."

Chumba alikuwa hana tena, kwa hiyo baba yako alimpa kile cha uani. Alhamisi iliyofuata tukacheza. Nikamfunga kwa kokwa sita. Alhamisi ya tarehe 7 nikamfunga kwa mbili. Nikazitazama zile mbili, nikamwambia baba yako mbele ya watu wote: "Kaka, kwa mwendo huu atanifunga nikiwa na miaka tisini. Iteni shekhe. Atanifunga akiwa ndani."

Baba yako akasema, "Lakini ulisema siku atakayokufunga."

"Nilisema. Sasa nasema hili."

Ndoa ilikuwa juzi, Ijumaa, baada ya swala. Tulikungoja hadi tuliposikia Manonga bado haivukiki. Mwanawe amekuja kutoka Ujiji, kijana wa watu, amebeba samaki wa migebuka waliokaushwa gunia zima, na hakununa hata kidogo. Amesema ile meza ya kazi ya sokoni atamkodisha mshona viatu. Pilau ilipikwa uani kwenye masufuria matatu. Mama yako alicheza mpaka akapoteza kiatu kimoja, na hadi naongea hapa hakijaonekana.

(Saleha: Ni kweli. Na wifi alivaa kanga mpya ya manjano na hakuacha kucheka hata shekhe akamwuliza mara mbili kama amesikia swali. Mwanangu, ningependa ungekuwepo.)

Njia ikifunguka uje. Uje na yule mkunga wako pia, nataka kukaa naye mkekani, nione kama kweli haondoki. Na uwaambie kina mama wa kisomo kwamba nimeuliza wamefika herufi gani.

Jana, ingawa si Alhamisi, tumecheza tena, watu wale wale. Nimemfunga kwa kokwa moja. Baba yako amechoka, anasema matako yanamwuma, na anataka kujua lini tutarudi kwenye jaza kawa ili watu wawe wanakwenda nyumbani mapema. Nikamwambia amwulize mume wangu.

Mume wangu amesema hana haraka.

Shangazi yako,
Nunu